Jani la Mama wa Mlola

Mwalimu wetu wa Kiswahili hapa Lushoto ametutoka. Huenda baadhi yenu mliipata habari kama nilivyoipata mimi, kwa simu, asubuhi kabla ya chai, na kufika adhuhuri ujumbe uleule wa rambirambi ulikuwa umeniingia kutoka kwa watu ambao hata hawajuani. Ulikuwa ujumbe mzuri. Ulisema taa imezimika, ukausifu upole wake (Mwalimu hakuwa mpole hata kidogo), kisha ukamalizia kwa kile ulichokiita usemi wake maarufu: weka jani. Wanafunzi wake wa miaka tofauti waliunakili, wakabandika majina yao chini, wakautuma. Nililia, maana nilimpenda yule bwana. Halafu nikajikuta nacheka peke yangu jikoni, kwa sababu niliisikia kabisa sauti yake ikiuliza swali aliloniuliza kila safu hii ilipotoka gazetini: "Umeitoa wapi hiyo?"

Alikuwa mtu wa Tanga mjini. Alipangiwa kazi huku milimani akiwa kijana, akaapa kwamba baridi hii hataivumilia hata mwaka mmoja, kisha akaoa, akajenga, na sasa tumemzika hukuhuku. Kofia yake ya sufu hakuivua hata jua lilipowaka. Jumamosi tulikutana kwenye mgahawa wa jirani na soko, yeye akiwa na gazeti lililokunjwa na kalamu nyekundu mfukoni. Nikiwa nimeandika kwamba wazee wanasema hivi au vile, alitaka kujua ni wazee gani, wa kijiji gani, na kama naweza kumpeleka kwao akawasalimie. Alinikera sana siku nyingine, na sioni aibu kulisema hilo hata leo. Ila hakufanya hivyo kwa kiburi. Kwake yeye kila habari ilikuwa na kwao, na kuificha kwao ilikuwa ni kuivunjia heshima.

Kisa cha jani kilianzia kwenye mahafali ya kidato cha nne, miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mjumbe wa bodi ya shule. Mnaijua risala ya wahitimu. Husomwa mbele ya mgeni rasmi, hueleza mafanikio na changamoto, huomba msaada, na nusu ya risala za nchi hii, naamini, ni watoto wa risala moja ya zamani sana. Siku hiyo ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye miti na mgeni rasmi amefunga koti mpaka kidevuni. Binti aliyechaguliwa alisimama, akasoma kwa sauti nzuri ya kujiamini kwamba wahitimu wanateswa na joto kali pamoja na mbu, na kwamba wanamwomba mheshimiwa awasaidie feni kwa kila darasa. Wazazi walianza kucheka chinichini, kisha wakacheka waziwazi. Mgeni rasmi alitazama koti lake. Risala ile binti alikuwa ameichukua kwa binamu yake, aliyesoma kule chini Mazinde, akabadilisha jina la shule tu.

Mkuu wa shule hakucheka. Siku chache baadaye alituita wajumbe, akataka binti arudishwe kwao Mlola mpaka siku ya mtihani wa taifa. Tulielewa maana yake. Wiki zote za marudio angekuwa shambani kwenye kabichi, na wengi waliowahi kurudishwa namna ile walikuja kufanya mtihani wakiwa wameshakata tamaa. Mama yake naye aliitwa. Mwalimu aliinuka, akamwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba huku ameketi ukingoni mwa kiti, amejifunika kanga yake vizuri. Mkuu alizungumza kirefu juu ya wizi wa kitaaluma, na nilimwona yule mama akishtuka aliposikia neno wizi. Akamgeukia Mwalimu na kuomba aelezwe taratibu binti yake amechukua nini cha watu. Alipoelezwa kwamba ni maneno, ya wanafunzi wa Mazinde, aliyoyasoma kama yake, alimkazia macho mwanawe.

"Wewe tunakwenda wote sokoni," alisema. "Mapeasi ya jirani nayabeba kwenye tenga moja na ya kwangu, na katikati naweka jani la mgomba ili ya kwake yajulikane. Hujaniona?"

Binti alijibu akiwa ameinamisha kichwa: "Nakuona, mama. Ila sikujua kama na shuleni jani linawekwa."

Mwalimu alivua kofia. Mimi sikuwahi kumwona akiivua. Akamwambia mkuu kwamba hilo la kutojua ni la kwake yeye, mwalimu wa somo, aliyewafundisha watoto kuandika insha na asiwafundishe kusema wameyatoa wapi yaliyomo. "Tumpe kazi, mkuu, tusimpe safari," alisema. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika risala upya, na kila dai liseme limetoka kwa nani. Mkuu alikubali shingo upande, kwa sharti kwamba binti akishindwa, anaondoka.

Basi aliisoma mstarini, shule nzima ikisikiliza. Kwa mujibu wa mpishi, kuni zinaisha mapema. Kwa mujibu wa matroni, blanketi za bweni hazitoshi. Na habari za chanzo cha maji alizitoa kwa mzee mmoja wa jirani, akamtaja kwa jina na ukoo wake. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi aliposikia anatajwa, akasimama pale mpaka mwisho. Binti alibaki shuleni, akafanya mtihani, akafaulu.

Tangu hapo Mwalimu hakufundisha kunukuu bila kutaja jani. Lakini kwanza alimfuata yule mama sokoni kumwomba ruhusa ya kulitumia, naye akamcheka, akampa mapeasi. Na kila alipolisema, hata mbele ya wakaguzi, alianza na maneno haya: "Hili si langu. Nimepewa na mama mmoja wa Mlola, muuza mapeasi." Siku hizi simu inamwandikia mtoto insha nzima kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu, na sisi watu wazima tunahutubia harusini kwa maneno tuliyoyaokota. Mwalimu hakuichukia simu wala hiyo akili mnemba. Alitaka tu kuona jani, kwa sababu mtoto anayesema hili nimelitoa kwa fulani amekiri kwamba alimsikiliza mtu, na kilichobaki upande wa pili wa tenga, hata kikiwa kidogo, ni chake kweli.

Jioni ya siku ya maziko, ujumbe ule mzuri ulikuwa bado unazunguka kwenye kundi la wanafunzi wake wa zamani. Ndipo yule binti, ambaye leo ni mwalimu huko Mazinde, kwenye joto na mbu aliowalalamikia kabla hajawajua, akaandika: "Poleni wote. Naomba tumtendee haki Mwalimu. Jani si usemi wake, ni la mama yangu, na yeye mwenyewe hakuacha kusema hivyo." Kisha mmoja akaandika ya kwake, yenye makosa ya herufi, akieleza alivyorudishiwa insha ikiwa nyekundu tupu. Akafuata mwingine, na mwingine. Hakuna aliyesema taa imezimika. Nilizisoma jumbe zile zote, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile nilimwona Mwalimu mzima mbele yangu, na kofia yake.

Na kwa kuwa najua angeniuliza: habari ya jani nimeitoa kwa mama mmoja wa Mlola, muuza mapeasi. Mwalimu ndiye aliyenionyesha thamani yake, Mungu amrehemu.