Lori la Bharti Lililojipigia Honi

Kwa miaka minne Faustine alifagia gereji ya Mahendra kule Ilford, na alifagia vizuri mno, jambo ambalo ndilo lililomponza. Mtu akifanya kazi ya fagio kwa ustadi, wenzake husahau kumuuliza kama ana kazi nyingine mikononi. Faustine alikuwa nayo. Kabla vita havijamtoa Uvira kule Kongo, alikuwa fundi wa malori kwenye barabara ya Bukavu kwa miaka kumi na minne, na madereva walikuwa radhi kulala njiani wakimsubiri yeye. London ilimpokea, ikampa karatasi za kuishi, kisha ikampa fagio.

Hakukaa kulalamika. Kila Jumanne alikwenda chuo cha jioni kujifunza umeme wa magari haya mapya, yasiyoguswa bila kompyuta. Alipopata cheti, mkewe Anne alikitia fremu na kukitundika sebuleni kwao Thornton Heath, juu ya televisheni, na wageni wa kanisani wakakisifia kabla hata ya kukaa. Gerejini hakuna aliyekiulizia.

Mwaka 2006 fundi wa umeme wa gereji alihamia Leicester, na wiki hiyohiyo lori la Bharti likapata wazimu.

Bharti alikuwa dada mkubwa wa Mahendra. Wote wawili walizaliwa Nakuru, na sasa Bharti alikuwa akipika vyakula vya harusi za London nzima na kuvipeleka kwa lori lake mwenyewe. Mahendra alikuwa mzee wa miaka sitini mwenye kitambi na gereji yake, lakini dada yake akipiga simu, aliipokea akiwa amesimama wima.

Ukiwasha indiketa ya lori lile, honi inalia. Ukifunga mlango, wipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Jumamosi moja, mbele ya ukumbi wa harusi kule Wembley, lilijifunga milango yote sambusa mia sita zikiwa ndani, likaendelea kupiga honi hadi bwana harusi akafika. Ndugu za bwana harusi walidhani ni shamrashamra, wakaanza kucheza. Bharti hakucheza.

"Hii ni kompyuta ya bodi, patron," Faustine alimwambia bosi wake, ameegemea fagio lake. Kompyuta hiyo ni kisanduku kisichozidi kitabu cha nyimbo za kanisani. Hukaa ndani ya dashibodi na kutoa amri kwa taa, wipa, honi na vitasa vya milango.

Mahendra aligeuka taratibu. "Nani amekuambia?"

"Chuo, patron. Miye niko na cheti."

Mahendra alimtazama, akatazama lori, akakumbuka dada yake. "Haya, fanya wewe. Tutalingoja mwezi mmoja. Likipona, nafasi ya fundi ni yako, na ovaroli pamoja. Likirudi, basi, Faustine, usiniambie tena mambo ya cheti."

Faustine alifungua betri, akaivua dashibodi, akachomoa plagi moja baada ya nyingine. Kwa laptopu ya gereji alisoma kumbukumbu zote za kisanduku cha zamani na kuzihamishia kwenye kipya, ili kilitambue lori pamoja na funguo zake. Saa sita mchana taa ziliwaka zilipoambiwa na honi ikanyamaza. Alirudi nyumbani akiimba kwenye treni, kwa sauti ya chini, maana Waingereza hawapendi.

Siku ya kumi na tisa, alipokuwa akikusanya vumbi mlangoni, alisikia honi kutoka kona ya mbali. Hakuhitaji kuinua kichwa. Roho ilimuuma hasa, na hakulificha hilo.

"Nampigia fundi mmoja wa Romford," alisema Mahendra, si kwa hasira bali kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya zaidi.

"Patron, kompyuta mpya haiwezi kufa siku kumi na tisa bure. Kuko kitu kinaiua. Nipatie mpaka Jumamosi."

"Jumamosi dada ana harusi. Saa nne asubuhi lori liwe tayari. La sivyo, Romford."

Alipokifungua kile kisanduku kilichokufa, Faustine alikuta pini zimeota kutu ya kijani. Maji angeyaelewa, hii ni London ya mvua. Lakini juu ya kutu palikuwa na kitu cheupe kinachonata, chenye harufu tamu asiyoijua. Alikifunga kisanduku kwenye leso, akakibeba kwenye treni mbili akikinusa njia nzima, mpaka mama mmoja aliyekaa mbele yake akahama kiti.

Anne alinusa mara moja tu. "Ni nazi. Kama ile mafuta minapakaaka mutoto yetu Bijou ku nywele."

"Nazi ndani ya lori?"

"Miye siko fundi," alisema Anne, akarudi kwenye sufuria yake.

Ijumaa asubuhi Faustine aliingia ndani ya lori, akakaa mbele ya pale kisanduku kilipokuwa, akainua macho. Juu ya dashibodi palikuwa na sanamu ndogo ya Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, imefungwa kwa skrubu mbili. Alipapasa kwa chini. Ncha za skrubu zilikuwa zimetokeza juu ya nyumba ya kompyuta kabisa, na zilikuwa zinanata.

"Patron, nani alitoboa hapa?"

Mahendra alikohoa. "Mimi. Dada aliomba." Ndipo akaeleza. Kila Jumatatu, kabla ya safari ya kwanza ya wiki, Bharti huvunja nazi na kumiminia sanamu maji yake, ili barabara iwe salama. Baba yao alifanya hivyo Nakuru maisha yake yote. "Sikiliza, ziba tundu kimyakimya tu. Usimwambie."

Faustine alilifikiria hilo kwa uzito. Kanisani kwao mchungaji hupaka funguo za magari mafuta, na kuna siku aliipaka simu ya shemasi, ikazima moja kwa moja. Hakuna aliyethubutu kuunganisha mambo hayo mawili kwa sauti. Hakuna mtu anayependa kuambiwa kwamba baraka yake imeharibu kitu, na Bharti akikasirika, Mahendra asingemtetea mtu yeyote, hata nafsi yake. Lakini tundu likizibwa, maji yatatafuta njia nyingine. Lori litarudi, na yeye atakuwa mlangoni na fagio, akilisikia linakuja.

Jumamosi saa nne kasorobo, kisanduku kingine kipya kikiwa ndani, lori lilitii kila amri. Bharti aliingia na sari yake ya kazi na mfuko mkononi, na ndani ya mfuko mlikuwa na nazi ya kulibariki lori lililotoka kutengenezwa. Aliona dashibodi tupu, akasimama.

"Mungu wangu yuko wapi?"

"Hapa, Mama, kwa kiti, ndani ya kitambaa safi," alisema Faustine. "Miye nimetoa skrubu tu. Patron ndiye alimushika Mungu." Akanyoosha kidole kwenye dashibodi. "Mama, minaomba pardon. Ile maji inashukaka kwa tundu ya skrubu, inaanguka juu ya kompyuta. Haiko kosa ya Mungu. Iko kosa ya drili."

"Drili ya nani?"

Mahendra alianza kukagua dari ya gereji yake.

"Baba alimwaga nazi miaka thelathini," alisema Bharti, "na lori lake halikupiga honi hata siku moja."

"Ile haikukuwa na kompyuta, Mama."

Faustine alimwonyesha alichofanya. Matundu yote mawili alikuwa ameyajaza gundi ya silikoni, na juu yake amegandisha sinia dogo la chuma lenye ukingo, la kukinga maji na kuyafuta baadaye. Bharti alipitisha kidole ukingoni mara mbili, kama anavyokagua vyombo vyake. Kisha akaifungua sanamu na kuiweka kwenye sinia kwa mikono yake mwenyewe.

"Wiki zote hizi," alimwambia ndugu yake, "wewe ulijua umetoboa, ukaniacha nifungiwe sambusa zangu Wembley. Na mtu anayejua kazi umempa ufagio."

"Dada..."

"Nyamaza. Leo nazi ni ya fundi."

Aliivunja kwenye sakafu ya gereji, mbele ya miguu ya Faustine. Maji yalitapakaa kwenye sementi aliyoifagia saa moja iliyopita, na mazoea ya miaka minne yakamgeuza kuelekea kwenye dekio. Lakini mpini ulikuwa umeshashikwa.

"Acha," alisema Mahendra. "Ovaroli iko ofisini. Ile van nyeupe pale, indiketa zake haziwaki."

Kisha akaanza kudeki mwenyewe, vibaya sana, akiyasukuma maji hadi kila pembe. Faustine alitamani kumwonyesha jinsi ya kulikamua dekio kwanza, lakini alikuwa na kazi.