Nilivyofuta kwa mkono wangu pembe za nyati kwenye sarafu tisa za jero

Wakuu, salaam kutoka Same.

"Huyu? Mbuzi wa baba yake walimshinda, ndiyo ataweza kutunza sarafu?"

Hayo ni maneno ya baba yangu mdogo kwenye kikao cha ukoo, niliposema nimeanza kukusanya sarafu. Wengine wakacheka, wakasema sitamaliza hata mwezi. Naandika bila kuongeza chumvi, na sehemu inayoniaibisha nimeiacha kama ilivyo.

Kwa wasionijua, nina diploma ya ufundi mitambo. Nilijisomesha mwenyewe, nikafanya kazi Afrika Kusini, nikarudi na mashine zangu. Karakana yangu ya kuchomelea hapa mjini haina mpinzani. Ukiona geti linang'aa mpaka unajitazama, ni langu.

Sasa sarafu. Chukua jero ya chuma, yaani shilingi mia tano: upande mmoja kuna kiongozi, upande wa pili nyati. Inagongwa katikati ya mihuri miwili ya chuma. Ikitokea kipande cha kugongwa hakijaingia, mihuri inagongana yenyewe, kila mmoja unabaki na alama ya mwenzake. Kuanzia hapo kila sarafu inayotoka ina kivuli cha picha ya upande wa pili. Wakusanyaji wanaita die clash.

Ya kwanza niliiona kwenye kopo la chenji la Mama Nakijwa, anayeuza tangawizi ya milimani pale sokoni. Nyuma ya kichwa cha kiongozi kulikuwa na mistari miembamba kuliko unywele. Pembe za nyati!

Nikampa jero nyingine tubadilishane. Akakataa.

"Yangu ina pembe, ya kwako haina. Sijakuuzia, baba. Nimekuazima."

Neno likazunguka soko zima. Tangu siku hiyo kina mama wananiazima makopo yao nipekue kwa lenzi, lakini hakuna anayekubali kubadilishana. Kila mmoja: "Nimekuazima."

Miaka sita, wakuu. Zikafika tisa, kuanzia yenye pembe kali hadi yenye pembe za kubahatisha, maana muhuri ule ule ulikuwa unazidi kuchakaa. Kila moja kwenye bahasha yenye jina la mwenyewe.

Kuna mzee mmoja wa Moshi, mstaafu, anayeandaa orodha ya sarafu zetu zenye kasoro. Akapata habari, akanipigia simu. Angekuja kuzipiga picha, na jina langu lingeandikwa pale kama mgunduzi. Nililitaka jina hilo kuliko nilivyowahi kuitaka diploma.

"Ila usizifanye chochote," akasema. "Ziache hivyo hivyo na uchafu wake."

Nikaona mzee hajui chuma. Kwangu kazi haitoki karakanani bila kung'arishwa. Nimkabidhi mgeni kitu kichafu, mimi?

Asubuhi ya siku aliyokuja nikawasha mashine ya kung'arishia, nikazitoa zote kwenye bahasha, nikazipitisha moja moja. Ziling'aa kama vijiko vya harusi. Nikazipanga kwenye kitambaa cheusi.

Mzee akafika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akainama na lenzi yake. Ya kwanza. Ya pili. Ya tano akavua miwani.

"Umezisugua?"

"Nimezing'arisha, mzee. Kwa mashine."

"Hizo pembe zilikuwa na unene gani, fundi?"

Vipimo ndiyo kazi yangu. Mashine ile ikigusa mara moja tu inakula zaidi ya hapo.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alimaliza chai, akashukuru, akaenda kupanda basi.

Nimerudi kupekua makopo kwa miezi, sijaona nyingine. Muhuri ule bila shaka ulishatupwa zamani. Sina mwizi wa kumlaumu wala mchawi wa kumsingizia. Ni mimi na ujuzi wangu. Sasa hivi hata geti likiisha kung'arishwa siliangalii, natia rangi tu kuficha ule mng'ao.

Nilichojifunza: ukiambiwa usiguse, uliza kwa nini kabla hujawasha mashine. Kama kuna mwenzangu humu aliyewahi kuharibu kitu kwa kukijua sana, aandike hapa chini. Nitasoma zote, hata za kunicheka.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuwarudishia wote tisa. Bahasha zina majina, lakini sikujua tena ipi ni ya nani. Wanane walipokea wakicheka: "Umetuletea mpya!"

Mama Nakijwa akaigeuza geuza juani.

"Hii siyo yangu."

"Ni mojawapo, mama. Sijui ipi."

"Na pembe?"

"Nimezifuta."

Akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri chenji ya tangawizi, akampa ile jero. Mteja akaitia mfukoni bila kuiangalia, akavuka barabara kuwahi basi la Dar.