Ua la Pembeni mwa Mtandio

Mdarizi wa mtaa wa nyuma hanunui karatasi ya dukani ya kuweka chini ya kitambaa ili mashine isikikunje. Hutumia shuka kuukuu, karatasi ya kuokea mikate, na uji wa wanga anaoupaka kwa kiganja, akiupuliza ukauke huku akijisemea chini kwa chini. Magazeti hayagusi, maana wino wake huchafua. Mzee aliyemletea mtandio wa marehemu mkewe, mwembamba kama ganda la kitunguu, alikuwa amekwisha kukataliwa na mafundi wawili. Alitaka ua la pembeni lililofumuka lirudi, lile ambalo mkewe alilidarizi kwa mkono, zamani watu walipokuwa na subira.

“Hilo dude lako litautafuna,” mzee alifoka, akiikodolea macho mashine.

“Babu, hata sijaliwasha, ushaanza kuligombeza?”

Mdarizi akavua mtandio wake mwenyewe, mwembamba vilevile, akaufanyia majaribio. Kwa karatasi peke yake ulikunjamana, ukaharibika. Akajaribu pembe nyingine, safari hii akapaka na wanga, ukatulia. Ndipo akaushika ule wa marehemu, akafuata kwa mashine matundu ya sindano ya zamani, kisha akaichana karatasi kwa nyuma kidogo kidogo, kidole gumba kikiuzuia uzi.

“Petali hii ilipinda,” alisema. “Nimeiacha hivyo hivyo. Nimekosea?”

Mzee, ambaye kutwa hulaani mashine na waliozileta, aliipapasa petali ile kwa muda mrefu.

“Hujakosea, mwanangu. Mkono wake ndivyo ulivyokuwa. Asante.”