Mama Mlezi Ametoka Kiotani

Vidole vya fundi bomba hulegeza nati bila spana, lakini mayai ya chiriku wake wa rangi huyahamisha kwa kijiko cha chai. Chiriku hao huyasusa mayai yao, hivyo yeye huwapa chiriku wa kahawia, walezi hodari, wayaatamie. Kisha hawezi kujizuia kuchungulia. Leo vifaranga wameanguliwa, naye amechungulia mpaka mlezi akaruka nje ya kiota, na baridi ya mji wao wa Toowoomba inauma.

“Utawaua wewe, mzee!” mkewe Glenys akamwambia. “Geuka, tazama ukuta.”

Akageuka, kofia mkononi, kama baba aliyefukuzwa wodi ya wazazi.

“Amerudi?” alinong'ona, yeye ambaye akigombeza mabomba mtaa mzima husikia.

Glenys alikuwa amekwisha kuuona mkia wa kahawia ukizama kiotani.

“Bado,” akasema. “Tazama ukuta.”