Walipomtoa Nje Mtani wa Mjomba

Juzi nimeisikia tena sauti ya mjomba wangu, kaka yake mama, miaka mingi baada ya kumzika. Badala ya kulia, nimetoka pale nimefura kwa hasira. Ni ofisi moja mjini Morogoro wanakotunza sauti za wazee waliopigana vita vya Kagera. Kijana wa pale aliniamkia vizuri, akanipa hedifoni, kisha akanitahadharisha: "Usitegemee makubwa, mama. Mzee hakuwa na mengi ya kusema."

Hakuwa na mengi, mjomba wangu mimi. Ungekulia kwetu, milimani juu ya Mkuyuni, ungecheka mpaka ukae chini. Jioni za mavuno tulijaa jikoni kwa bibi, magimbi yakichemka, togwa ikizunguka kwa kata, sisi watoto tukipukuchua mahindi mpaka vidole gumba vinawaka. Hapo ndipo vita viliposimuliwa. Lakini mjomba hakufungua kinywa mpaka jirani yetu awe amefika.

Jirani huyo alikuwa wa ukoo tunaotaniana nao, na mtani, unajua mwenyewe, haambiwi kitu. Mjomba akisema walivuka mto, mtani anauliza, "Ulivuka au ulibebwa?" Akisema walishikwa na njaa, mtani anataka kujua walikula kuku wa nani. Bibi hoi kwa kicheko, mwiko mkononi. Kwa kuchokozwa hivyo mjomba alifika mahali ambapo peke yake asingefika: kwa rafiki yake, kijana wa Dakawa, aliyefia kwenye tope ubavuni mwake.

"Nikamvua mabuti," anasema mjomba.

"Ukayavaa, mwizi wa maiti wewe."

"Nikayavaa. Yangu yalikuwa yameoza."

Tunacheka, na mjomba anacheka kuliko sote, machozi yanamtiririka, wala hakuna anayemuuliza ni machozi gani. Kisha anatusimulia taratibu habari za yule kijana: wimbo aliouimba wakitembea, alivyojisifia mpunga wa kwao, maneno aliyomtuma kwa mama yake. Bibi alizoea kusema jambo zito halibebwi na mdomo mmoja.

Halafu wakaja wageni na kinasa sauti. Walikuwa watu wema, walipanda mlima kwa miguu, hilo siwanyimi. Lakini jambo la kwanza walilofanya ni kututoa nje. Mtani alipouliza kama na kuku watarekodiwa, akajibiwa, "Mzee, tunaomba utulivu, hili si jambo la mzaha." Akaja kukaa nasi uani, akachukua muhindi, akaanza kupukuchua. Sikuwahi kumwona amenyamaza vile.

Sasa nimesikia walichoondoka nacho. Mjomba anatoa sentensi moja, kama anaripoti kwa afande, ananyamaza. Anangoja. Anatoa nyingine, anangoja tena. "Rafiki yangu mmoja alifia pale," anasema, kisha kimya kirefu mpaka nasikia jogoo wetu akiwika nje. Mgeni anamwambia, "Endelea, mzee." Mjomba anajibu, "Ni hayo tu."

Inaniuma, na sitaificha hasira yangu. Watu walipanda mlima kutafuta kumbukumbu, wakaanza kwa kumfukuza aliyekuwa akiichomoa, na leo lawama ni za mjomba. Yule kijana wa Dakawa hayumo kwenye mkanda ule hata kwa jina. Mtani naye tulishamzika, bibi alitangulia zamani, na lile jiko lilianguka masika moja, hakuna aliyelijenga tena.

Nikamwambia kijana wa ofisini anirekodi mimi. Nilikuwepo, jina ninalijua, wimbo ninaujua, na maneno yale kwa mama yake ninayajua. Akaniangalia kwa huruma. "Samahani, mama. Tunachukua ya waliopigana wenyewe tu."

Nikamwambia kwetu kule juu waliopigana wamekwisha wote.

"Basi kwenu tumeshamaliza, mama," akasema, akanyoosha mkono kupokea hedifoni.