Breki za Kaka Zililia Miaka Minne

Siku ya kumi na moja baada ya kumzika kaka yangu, nilisikia gari lake likifunga breki nje ya gereji yangu.

Spana ilinidondoka.

Msinicheke. Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Kwa miaka minne gari lile lilipita mbele yangu kila jioni ya siku ya kazi. Pale nje kuna tuta. Likifika kwenye tuta, breki zinalia, kiiiii, kile kilio chembamba cha kutia ganzi meno. Kisha linapanda tuta, linaondoka.

Na mimi kila siku nilikuwa naongeza sauti ya redio.

Dereva teksi mmoja alikuwa benchini anasubiri gari lake. Akanitazama usoni.

"Fundi, vipi? Umeona jini?"

"Hebu kaangalie nani anaendesha lile gari."

"Kwani wewe miguu huna?"

Kusema kweli, kwa dakika ile sikuwa nayo.

Akaenda kuchungulia. "Ni mwanamke. Anaingia huku huku."

Alikuwa shemeji yangu, mke wa marehemu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili twende sawa.

Mimi ni fundi breki. Mtaani wananiita Kimya, kwa sababu gari nikilishika mimi, likifunga breki husikii kitu. Kazi hii tulifundishwa na baba, mimi na kaka, kwenye gereji hii hii.

Baba alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, breki inayolia inamwita fundi, usiipuuze. Ya pili, kifaa chochote ukikitoa kwenye gari, hata kama ni nati, kifungie karatasi, uandike tarehe, nani kakitoa na nani atakirudisha. Usipoandika, siku hiyo huli cha mchana. Hiyo ya pili tuliichukia kuliko viboko.

Baba alipofariki, mimi aliniachia gereji. Kaka alimwachia gari lake, spoti kuukuu ya milango miwili, imelala chini kiasi kwamba kushuka ni mpaka ujishike magoti. Tukaendelea kufanya kazi pamoja, vizuri tu.

Mpaka siku niliyomaliza gari la mteja fulani, na kaka akainama kukagua gurudumu mbele ya mteja mwenyewe.

"Bolti ya kalipa hujaikaza," akasema. "Wewe bado mwanafunzi."

Kalipa ndiyo ile inayobana pedi kwenye disk, sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Ikichomoka, huna breki.

Mteja akacheka. Mimi nikawaka. Nilimtukana kaka yangu matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamalizia kwa kumwambia asikanyage tena gereji yangu mpaka nimwite kwa mdomo wangu.

Akafuta mikono, akaondoka.

Bolti ilikuwa imelegea kweli. Nilijua siku ile ile, lakini kukiri kulinishinda.

Kaka akapata kazi kwenye karakana ya mabasi. Haikupita muda, spoti ya baba ikaanza kulia kwenye tuta langu.

Wateja walinitania mpaka basi. "Kimya, yule si kaka yako? Mbona gari lake linalia kama mbuzi aliyefungwa?" Mimi nikajua ananiaibisha makusudi. Mama, ambaye alikuwa anaishi kwa kaka, alinipigia simu mara nyingi. "Mwanangu, mwite kaka yako." Nikamjibu, yeye ndiye aniombe msamaha kwanza. Kwao nikaacha kabisa kwenda.

Mara ya mwisho alipopita, gari lililia halafu halikupanda tuta. Lilisimama pale, injini inanguruma, kama dakika nzima hivi. Nikapiga hatua mbili kuelekea getini. Mteja akaniita, nikarudi.

Kesho yake kaka akaanguka kazini. Presha. Hakuamka tena. Mazishini nilisimama nyuma kabisa kama jirani wa mbali.

Haya, turudi kwa shemeji.

"Shemeji, nimekuletea gari," akasema. "Nataka hiyo kelele iishe."

"Pole, shemeji. Unataka kuliuza?"

"Siuzi. Ni mama. Kila nikirudi nalo, nikifunga breki pale nyumbani, mama anainuka kwenda kufungua geti. Akifika getini ndipo anakumbuka. Jana alikaa chini pale pale, tukashindwa kumwinua."

Nikapiga jeki.

Sasa nitawaambia ukweli, ingawa ni wa aibu. Nilivua gurudumu la mbele nikiwa na hamu ya kukuta kosa la marehemu.

Disk zilikuwa laini, hazina mkwaruzo. Pedi nene, kingo zimepigwa msasa. Pini zimesafishwa na kutiwa grisi. Kazi safi kuliko yangu. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: vibati, vile vipande vyembamba vinavyokaa nyuma ya pedi kuzizuia zisitetemeke. Bila vibati breki inakamata vizuri, ila inalia.

"Mtaalamu kasahau vibati!" nikasema, na kicheko kikanitoka.

Mbele ya mjane wake. Jamani, hasira inaweza kumfanya mtu akose utu.

Dereva teksi akainamisha kichwa. Shemeji wala hakukasirika.

"Labda vimo kwenye kopo," akasema. "Kuna kopo nyuma ya kiti. Alinikataza kulitupa."

Lilikuwa kopo la biskuti. Ndani kulikuwa na kitambaa cha grisi, na ndani ya kitambaa vibati vinne vya magurudumu ya mbele, vizima kabisa. Vimefungiwa karatasi kwa uzi, vile vile alivyotufundisha baba. Mwandiko wa kaka. Tarehe ilikuwa ya wiki moja baada ya ugomvi wetu.

"Vimetolewa na mimi. Vitarudishwa na mdogo wangu."

Nilisoma mara tatu. Halafu nikakaa sakafuni, kwenye oili.

"Alikuwa anapita hapa kila siku," shemeji akasema. "Nilimwambia hii njia inazunguka. Akasema gari linalia, lazima alipitishe kwa fundi. Nikamuuliza, sasa mbona huingii? Akasema hajaitwa."

Hajaitwa.

Neno lilikuwa langu mwenyewe. Nilimwambia asikanyage mpaka nimwite, naye akalishika. Akavua vibati kwa mikono yake, akaziachia breki zimwite fundi. Alijua nazikumbuka kanuni za baba. Nami kweli nilizikumbuka, nikaongeza redio.

Nililia, ndugu zangu. Dereva teksi alitoka nje, akajifanya anapiga simu.

Nilipotulia nikaosha mikono, nikarudisha vibati kimoja kimoja. Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya maneno ya kaka: "Vimerudishwa na mdogo wako. Nimechelewa." Nikaweka tarehe.

Gari nililiendesha mwenyewe, shemeji amekaa pembeni. Kwenye tuta nikakanyaga breki. Hazikutoa hata mlio. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama siku ile.

Nyumbani mama hakuja kufungua, maana hakusikia kitu. Ikabidi nishuke nikabishe hodi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mdogo."

Geti likafunguka. Aliliangalia gari kwanza, kisha akaniangalia mimi, kisha mikono yangu.

"Mbona halijalia?"

"Nimelitengeneza, mama."

"Kwa hiyo alikuja kwako."

"Alikuja kila siku, mama. Mimi ndiye sikutoka."

Akanishika mkono ule ule wenye grisi. Hakunilaumu hata kidogo, na bora angenilaumu. "Ingia ndani," akasema.

Sijaandika haya kwa kupenda kujianika. Najua humu kuna mtu ana ndugu ambaye siku hizi anampigia kelele za hovyo. Anabipu halafu hasemi kitu. Anapita mlangoni bila kuingia. Na wewe umekaa unasubiri akuombe msamaha.

Zima redio, utoke nje. Muulize gari lina nini.