Malaria ya Mlimani

Mpaka leo nikimwona mwenyekiti wa kwaya yetu, damu inanichemka. Acha niseme kwa nini.

Tulipanda Mlima Kenya sisi watu wa Masinga, ambao baridi tunayoijua ni ya upepo wa bwawani. Kwanza msitu, mianzi, matope. Kisha nyasi zenye maji chini yake, unakanyaga unazama hadi kifundoni, na bonde refu lisiloisha. Kwenye kambi iliyo chini ya vilele hewa ilikuwa nyepesi hata kucheka kunakuacha ukihema. Bado kulikuwa na mteremko wa mawe yanayoporomoka, na barafu juu yake.

Hapo dadangu mdogo akaanza kuumwa kichwa, akatapika, akatetemeka. Mwenyekiti, ambaye ana duka la dawa sokoni, akamgusa shingo. "Hii ni malaria. Ametoka nayo nyumbani." Akampa vidonge, akamfunika blanketi, akaomba. Kila mtu akaitikia amina, kwa sababu kwetu mtu akitapika na kutetemeka ni malaria, hakuna swali!

Lakini kwenye lango la hifadhi waongozaji wetu wa mlima walituambia wazi, sote tukisikia: ukiumwa kichwa na kutapika huko juu, ni hewa nyepesi hiyo, shuka. Nikamkumbusha. Akasema, "Mama, tulia. Kesho tunaimba kileleni, na huyu ndiye sauti ya kwanza." Aka! Sauti ya kwanza! Mtu anayumba kama mlevi, anauliza kama mbuzi wamerudi, na yeye anawaza wimbo!

Nilimtukana. Ndiyo, mbele ya kwaya nzima, na sijutii. Nikamshika dadangu kwapani, mwongozaji mmoja akamshika upande wa pili, tukateremka naye akilia kwamba nimemwaibisha. Tulipofika kwenye miti, kutapika kukaisha. Akaomba chai.

Jumapili iliyofuata dadangu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Akamshukuru Mungu, halafu akamshukuru mwenyekiti kwa dawa zake. Kanisa zima likapiga makofi. Mimi hata hakunitaja.

Sasa kwaya inapanda tena Agosti, na dadangu amekubali kwenda. Nimemwambia sikio la kufa halisikii dawa. Nimemwambia mimi siendi ng'o, akifa afie huko huko. Viatu vyangu nimeshavipeleka kwa fundi, avitie soli mpya.